Nimenunua mchoro wa kanisa kuu la Rouen "wa 1830", mnara ukamuumbua muuzaji

Nimekaa na huu mchoro miezi minne sasa kwa hiyo naweza kuuandika bila hasira, maana ningeandika wiki ile ulipofika ningemtukana mtu. Kwa wasiopenda kusoma marefu: mchoro wenyewe nyota nne kati ya tano, muuzaji nyota mbili, na aliyeufunga kwenye boksi ningempa sifuri ila nyota zinaanzia moja, basi hiyo moja ni zawadi.

Wenye muda tuendelee. Kitu chenyewe ni mchoro wa rangi za maji wa karne ya 19, unaonyesha uso wa magharibi wa kanisa kuu la Rouen kule Normandy, Ufaransa. Ukubwa ni kama karatasi ya A4 hivi, umezidi kidogo, umesimama wima. Nimeununua mnadani kwa mtandao, mnada mdogo tu, jina silitaji maana tulishamalizana na sitaki maneno. Kwenye tangazo waliandika "Kanisa Kuu la Rouen, rangi za maji, kama mwaka 1830, mduara wa Samuel Prout". Hayo maneno ya mwisho ndo yalionimaliza.

Prout kwa wasiomjua ni Mwingereza, kazaliwa Plymouth 1783, kafariki 1852, na ni mmoja wa watu waliowafanya Waingereza wapende makanisa ya zamani ya Ulaya, yale yaliyochakaa kabisa. Vita vya Napoleon vilipoisha 1815 njia ikafunguka, wachoraji wa Kiingereza wakavuka bahari kwenda Normandy kama nyuki waliofunguliwa mzinga, huyo Prout, Cotman, Turner, na yule kijana Bonington aliyekufa 1828 hajafika hata miaka 26. Na ukienda Normandy huachi kupita Rouen. Sasa Prout alikuwa na mkono wake ambao ukishauona mara mbili humsahau tena, mstari wa wino wa kahawia anauchora kwa kalamu ya tete, mstari wenyewe haunyooki, unaanza unaacha unaanza tena, kwa hiyo jiwe linaonekana kweli limeliwa na mvua miaka mia tano. John Ruskin, yule mhakiki mkubwa wa sanaa wa Uingereza, alimsifia sana.

Mtu akikwambia mduara wa Prout, 1830, na kwenye picha unaiona kweli ile mistari ya kahawia imekatikakatika, utafanyaje? Nikapandisha dau. Nikapandishiwa. Nikapandisha tena, saa tano usiku niko kitandani, mara ya sita nikafumba macho ndo nikabonyeza. Halafu ukishinda ndo unakumbuka kuna kamisheni ya mnunuzi, ambayo minada mingi inafika robo ya bei ya nyundo (yaani bei uliyoshindia) au inazidi, na hapo hujagusa usafiri. Hiyo siilalamikii, iliandikwa, mimi ndo sikupiga hesabu.

Boksi lilipofika nikalitikisa kidogo, likatoa sauti ya changarawe. Roho ikanidunda. Kufungua, kioo cha fremu kimevunjika kona ya chini kushoto, walikizungushia ile plastiki ya vipovu ambayo watoto wanapenda kuipasua, mzunguko mmoja, basi, hakuna katoni ngumu, hakuna kinga za pembeni, hakuna chochote. Hivi ni kitu gani kigumu hapo? Kitu chenye kioo unabandika tepu ya karatasi juu ya kioo, mistari ya kukatizana, ili hata kikivunjika vipande vishikane visiende kusugua karatasi. Tepu ya karatasi ni bei ya bure kabisa. Matokeo yake nina mkwaruzo wa kama sentimita 2 kwenye mawe ya uwanja chini kushoto, haujachana karatasi ila umebeba rangi, na kila nikipita jicho linaenda hapohapo.

Lakini nikautoa vilevile na kioo chake kilichovunjika, nikausimamisha juu ya kabati, nikarudi nyuma hatua tatu. Aisee.

Kushoto umesimama mnara wa Saint-Romain, ule mkubwa kiumri, umeanza karne ya 12, mchoraji kauweka kivulini wote kwa rangi moja ya kijivu baridi, karibu hajahangaika nao. Kulia ndo kuna kazi, Mnara wa Siagi, huo ndo jina lake kweli jamani sijatunga, ulijengwa kuanzia mwishoni mwa karne ya 15 na hela ya watu waliolipa ili waruhusiwe kula siagi wakati wa Kwaresima. (Yaani kuna mawe pale juu kila moja ni kifungua kinywa cha mtu.) Jua linaupiga mnara huo kutoka kulia, na jua lenyewe hakulipaka, kaliacha. Mwenye kuchora kwa mafuta akitaka nyeupe anaweka nyeupe, ila kwenye rangi za maji za aina hii nyeupe ni karatasi yenyewe, unazunguka nayo, unaihurumia kuanzia mwanzo mpaka mwisho, ukiteleza mara moja imeondoka. Huyu bwana au bibi, maana hakuna saini, kaacha vipande vyembamba vya karatasi tupu kwenye kila pembe ya jiwe iliyotazama jua, na pale aliposahau kachukua ncha ya kisu kachokonoa, ukiweka lenzi unaona nyuzinyuzi za karatasi zimesimama kama manyoya.

Katikati ya hiyo minara miwili kuna uso wenyewe wa kanisa, matao yenye ncha juu ya matao yenye ncha, masanamu, vimiamba, vitobo, sijui niite nini maana Gothiki (ule ujenzi wa makanisa wa zama za kati) ya Rouen ni kama kitambaa cha lesi kilichogeuka jiwe. Hapa ndo mchoraji kanifurahisha kuliko kote kwa sababu hakujaribu kuhesabu. Katupa madoadoa ya kahawia na kijivu kwenye rangi ikiwa mbichi, ikatawanyika yenyewe, ilipokauka akarudi na wino akagusagusa hapa na pale, basi jicho linajijazia masanamu yasiyokuwepo. Juu ya mlango wa kushoto, mlango wa Mtakatifu Yohana, pana mchongo maarufu wa Salome akicheza mbele ya Herode, kichwa chini miguu juu. Kwenye mchoro wangu Salome ni doa. Ila ni doa lililopinda, unajua tu kuna mtu anacheza.

Chini uwanjani kuna soko, miavuli, punda mmoja, wanawake wenye kofia nyeupe. Tutarudi kwa hao wanawake.

Basi nikawa na furaha zangu siku mbili. Jioni ya tatu nikafungua picha za kanisa hilo kwenye simu nilinganishe, nione alisimama upande gani wa uwanja, na nikawa naangalia simu, naangalia mchoro, simu, mchoro, mpaka nikatulia juu. Mnara wa katikati, ule mwembamba mrefu unaotokea nyuma ya kila kitu, kwenye mchoro na kwenye simu ni uleule. Uleule kabisa, wa matundu matupu, unaona mawingu yanapita ndani yake kama unaangalia kupitia chandarua. Na matundu ya namna hiyo si ya mbao wala ya jiwe, ni ya chuma. Nikajiuliza, hivi huu una umri gani?

Tusome wote. Rouen walikuwa na mnara wa katikati wa mbao uliofunikwa madini ya risasi, wa karne ya 16. Septemba 1822 radi ikaupiga, ukateketea. Msanifu Alavoine akaleta wazo lililowakera wengi, kwamba mpya uwe wa chuma cha kusubu, kama vile unamvalisha bibi yako miwani ya jua. Kazi ikaanza miaka hiyohiyo ya 1820, mwenyewe akafa 1834 haujaisha, mradi ukasuasua, ukasimama miaka na miaka bila kichwa, na kilele kikafika juu 1876. Mita 151. Kwa miaka minne ndo lilikuwa jengo refu kuliko yote duniani, mpaka Wajerumani walipomaliza kanisa kuu la Cologne 1880 kwa mita 157.

Kwenye mchoro wangu kilele kipo. Kimemalizika, kina msalaba.

Prout kafariki 1852, mnara umefika juu 1876. Kwa hiyo ama marehemu alifufuka baada ya miaka 24 akaomba brashi yake, ama nimeuziwa mbuzi kwenye gunia. Na huo "1830" ndo kabisa, mwaka 1830 pale juu palikuwa na mafundi na vumbi.

Sikukurupuka lakini. Mtu anaweza kusema mchoraji wa 1830 aliona ramani ya Alavoine akauchora mnara kama utakavyokuwa, wachoraji walikuwa wanafanya hivyo. Au labda mchoro ni wa 1830 kweli halafu miaka 50 baadaye mtu mwingine akaongezea mnara ili uendane na wakati. Hili la pili ndo lilininyima usingizi maana linawezekana kabisa, na kama ni hivyo muuzaji angekuwa sahihi nusu. Nikaupeleka kwa fundi fremu, mzee mmoja mtaratibu, kioo kilikuwa lazima kibadilishwe vyovyote vile. Akaugeuza, akang'oa vimisumari vyenye kutu kimoja kimoja na koleo, mimi nikatoa mkono nimsaidie kubandua tepu ya nyuma akanipiga kikofi cha kirafiki. "Mwanangu, hiyo usiguse. Hiyo tepu ina gundi ya zamani, ukiivuta inaondoka na ngozi ya karatasi." Nikakaa kwenye stuli nikatulia.

Alipoinua maunti, ile katoni yenye dirisha inayozunguka mchoro, tukanyamaza wote wawili.

Anga la mchoro wangu ni la rangi ya waridi iliyochanganyika na kahawia, joto joto hivi, lile anga la jua linakwenda kuzama. Nilikuwa nimelisifia kwa kila mtu siku tatu nzima, na picha nimemtumia dada yangu nikaandika "ona magharibi hiyo". Sasa chini ya maunti, kwenye ukanda mwembamba wa kama milimita 5 kuzunguka karatasi yote, pale ambapo mwanga haukuwahi kufika, anga ni la bluu. Bluu ya saa nne asubuhi! Ukanda wa bluu, halafu mstari wa kahawia kama chai iliyomwagika ikakauka, halafu ndo linaanza waridi langu.

Mzee akanieleza na nikaja kusoma zaidi nyumbani. Wachoraji wa wakati ule walipenda kuchanganya nili na rangi nyekundu ya udongo kupata kijivu cha mawingu. Nili ni rangi ya bluu ya mmea, mwanga unaila polepole, nyekundu ya udongo ni kutu ya chuma, mwanga hauiwezi. Weka mchoro ukutani mkabala na dirisha miaka mia, nili inaondoka, nyekundu inabaki, na asubuhi inageuka jioni. Hii habari siyo ngeni, Uingereza walishabishana mpaka serikali ikaagiza uchunguzi, wanasayansi wawili, Russell na Abney, wakatoa ripoti yao 1888 baada ya kuziweka rangi kwenye mwanga wakapima, nili ikiwemo kwenye zile zilizofifia. Ule mstari wa chai nao ni wa maunti yenyewe, katoni ya bei rahisi ya massa ya mbao ina asidi, inaiunguza karatasi taratibu pale kwenye ukingo wa dirisha.

Kwa hiyo ile magharibi niliyoisifia hakuna aliyeichora, imechorwa na dirisha la sebule ya watu nisiowajua.

Nirudi kwenye mnara. Mzee akaweka tochi pembeni, mwanga ulale, akanipa lenzi. Mistari ya penseli ya mnara wa chuma ipo, imepigwa na rula (kila kitu kingine kwenye mchoro ni mkono mtupu, mnara tu ndo rula), na penseli hiyo iko chini ya rangi ya anga. Ukiangalia vizuri unaona rangi ya anga imepita juu ya penseli na imejikusanya kwenye kijimfereji chake. Kwa maana nyingine mnara ulipangwa kabla anga halijapakwa, na anga ndo hupakwa kwanza. Wino ni uleule wa mahali pengine. Kwa hiyo hakuna aliyekuja kuongezea. Na hili la kuchora kutoka kwenye ramani nalo nikaliacha, maana mkono uliochora ule mnara umeuona, kuna upande mmoja chuma kimeshika mwanga na upande wa pili kimepotea ndani ya wingu, ramani haikupi hiyo.

Kuna kingine ambacho nilikuta kwa bahati. Mnara wa Rouen siku hizi una vinara vinne vidogo vya shaba kwenye kitako chake, viliongezwa miaka ya 1880. Kwangu havipo. Huo si ushahidi wa kufunga mtu jela, mchoraji anaweza kuviacha tu kwa uvivu, ila kwa akili yangu mimi huu mchoro ni wa kati ya 1876 na hapo vinara vilipokuja. Umri wake ni mzuri tu jamani! Ni karne ya 19 halali, sema siyo ile waliyoniuzia.

Karatasi tukaiinua kwenye mwanga, kama unavyokagua noti, tukaona herufi TMAN na nyingine zimekatwa, ambazo bila shaka ni Whatman, karatasi ya Kiingereza iliyopendwa sana na watu wa rangi za maji. Whatman mara nyingi waliweka na mwaka. Wangu mtu kaukata na mkasi zamani hizo, ubaki sawa na fremu. Nilisikitika kuliko nilivyosikitikia kioo.

Na wale wanawake sokoni. Kofia zao ndo sehemu pekee iliyopakwa nyeupe ya kweli, nzito, unaiona imesimama juu ya karatasi. Na bado ni nyeupe kama maziwa. Nyeupe ya risasi iliyokuwa inatumika zamani ikikaa kwenye hewa chafu ya mjini inaweza kugeuka nyeusi kwenye rangi za maji, watu wanakuwa na kofia za masizi. Hii haijageuka, inaelekea ni nyeupe ya zinki, na hiyo Winsor & Newton, kampuni ya rangi ya Uingereza, walianza kuwauzia wachoraji 1834. Tena baada ya 1830! Hata vikofia vilikuwa vinamkataa muuzaji na mimi sioni.

Nikamwandikia. Barua fupi, adabu zote, nikaweka picha ya mnara, mwaka wa mnara, mwaka wa kifo cha Prout. Siku tano kimya. Kisha jibu, kwamba "mduara wa" haimaanishi mwenyewe kachora, asante kwa maoni yako. Sasa hapo ndo ilibidi nijifunze lugha ya hawa watu, na nawapa bure. Wakiandika jina tupu, wanadai ni mkono wake. "Inadhaniwa ni ya" maana yake wanatumaini. "Mduara wa" maana yake mtu wa karibu naye, wa wakati wake. "Mfuasi wa" anaweza kuwa wa baadaye baadaye. "Kwa mtindo wa" ni yeyote yule, hata jirani yako. "Baada ya" ni nakala. Kila hatua bei inashuka, na kwenye minada mingi kurasa za mwisho za katalogi wanayaeleza maneno hayo moja moja, ambazo mimi na wewe hatusomi. Nikamrudishia maneno yake mwenyewe, nikamwambia mduara ni wa watu wa wakati mmoja, mtu anayechora mnara wa 1876 hawezi kuwa mduara wa aliyezikwa 1852, na tarehe umeandika wewe siyo mimi. Njia ya mwongo fupi. Akakubali kurudisha hela ya kioo na sehemu ya bei, mchoro nibaki nao. Nyota mbili hizo ni za kukubali, na ingekuwa tatu asingeniambia asante kwa maoni yako.

Nikisahau hayo yote na kuuangalia kama mchoro tu? Una makosa. Mnara wa Siagi umelalia kulia kidogo, ukishaona huwezi kuacha kuona. Dirisha la waridi, lile la duara juu ya mlango mkubwa, kalichora kama gurudumu la baiskeli, hapo hakutazama, kaenda kwa mazoea. Watu wa mbele ni vijiti vya kiberiti, na punda ana miguu mitatu na nusu. Na ile mistari ya Prout ya kukatika, sasa najua ni ya kuiga, maana mahali pengine inakatika bila sababu, jiwe lilikuwa zima yeye kalivunja kwa sababu vitabu vya kujifunzia kuchora vilimwambia kanisa la zamani huchorwa hivyo. Prout mwenyewe alitoa vitabu vya namna hiyo, watu wengi wasiomjua walijifunza mkono wake kwenye karatasi.

Ila kuna mahali ambapo huyu mtu kaacha kuiga, na ni hapohapo kwenye chuma. Prout hakuwa na somo la mnara wa chuma. Hapo mchoraji kabaki peke yake na kitu kipya kabisa, kirefu kuliko kila kitu duniani mwaka huo, kimekaa juu ya mawe ya miaka mia sita, na kabadilisha kila kitu, karula, rangi ya bluu ya kijivu, mikato mifupi iliyonyooka, kaacha vitobo vya anga vimoja vimoja kwa subira ya ajabu. Ndo sehemu bora ya mchoro wote. Muuzaji angeuandika ukweli, "mchoraji asiyejulikana, mnara mpya wa Rouen, baada ya 1876", mimi ningepandisha dau vilevile, na labda mara ya saba.

Monet, yule mchoraji maarufu wa Ufaransa, alikuja kulichora kanisa hilihili 1892 na 1893, kwa mafuta, zaidi ya turubai 30, akakaa karibu sana na uso wa kanisa, juu akakata. Turner zamani alilichora kwenye vikaratasi vya bluu vya ukubwa wa daftari dogo, kwa ajili ya kitabu cha mto Seine kilichotoka 1834. Wangu uko katikati ya hao wakubwa wawili na hauwadai kitu.

Matunzo, haraka haraka kwa anayefikiria kununua kitu cha aina hii. Gundi inayoshika rangi za maji ni ya mti wa jamii ya mgunga, inayeyuka tena ikipata unyevu, kwa hiyo siyo jikoni, siyo karibu na bafu. Siyo mkabala na dirisha, hilo nimeshalieleza na anga langu. Makumbusho wanazionyesha kwenye mwanga wa kama 50 lux (kipimo cha mwanga), giza giza, halafu wanazirudisha kwenye makabati zipumzike. Mimi nimeweka kioo cha kuzuia mionzi, maunti isiyo na asidi, na ukuta wa korido usiopata jua. Mzee wa fremu nilimwomba maunti mpya iwe na dirisha kubwa kidogo kuliko la mwanzo ili ule ukanda wa bluu uonekane. Akaniangalia. "Watu wanalipa kuuficha," akasema. Nikamwambia mimi nalipa uonekane, na sasa wageni wote wanauliza kwa nini mchoro una mpaka wa bluu, na mimi ndo napenda kuulizwa.

Na mkinunua mtandaoni, kabla ya kusoma jina la mchoraji someni jengo. Notre-Dame ya Paris mnara wake wa katikati wa zamani uliondolewa mwishoni mwa karne ya 18 na ule wa msanifu Viollet-le-Duc umekuja 1859, kwa hiyo mchoro "wa 1840" wenye mnara huo, uliza maswali. Kanisa kuu la Chartres, Ufaransa hukohuko, paa la mbao liliungua 1836. Jengo linakupa mwaka ambao mchoro hauwezi kuwa kabla yake, huo mshike sana. Upande wa pili uwe mpole kidogo maana mtu anaweza kunakili picha ya zamani akakuchorea kanisa lilivyokuwa kabla hajazaliwa.

Nasema hivyo kwa sababu hivi ninavyoandika kuna mchoro mwingine nauvizia, kanisa kuu la Cologne, muuzaji mwingine kabisa, kauandika "kama 1890", bei ya kuanzia ya chini kweli. Cologne walisimamisha ujenzi karne ya 16, wakaacha kreni ya mbao juu ya mnara wa kusini, ikakaa pale miaka zaidi ya 300, wakaishusha 1868, minara ikamalizika 1880. Nimeikuza picha ya tangazo mpaka ikawa miraba mitupu. Juu ya mnara wa kusini kuna kitu kimeinama kama mdomo wa korongo. Mnada unafungwa Alhamisi, naomba msinipandishie.